Kimie na Vitabu vya Mwalimu Kadowaki

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni, lakini hakuna mashua hata moja iliyotoka. Wavuna kome wa mji wa Matsue walikuwa wamesimama gatini na mabuti yao ya mpira, reki zao zenye mipini mirefu wameziegemeza ukutani, wanautazama ubao wa umeme wa ofisi ya chama chao. Ubao ule ndio huwaambia kila alfajiri nani atoke, nani akae, na anayetoka avune masanduku mangapi, maana kome wale wadogo weusi wakivunwa ovyo ziwa litabaki mchanga mtupu. Jumatano hiyo ubao ulikuwa na neno moja kwa wote: pumzika. Aliyetoka jana aliambiwa apumzike. Aliyepumzika jana aliambiwa apumzike tena. Katika wanachama wote mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kwenda ziwani, naye ni mwenyekiti, aliyekuwa amelazwa hospitali akibadilishiwa goti.

Watu wakaulizana, wakacheka, kisha wakakasirika, kisha wakanunua kahawa ya makopo kwenye mashine na kukaa juu ya masanduku matupu. Hakuna aliyethubutu kuuwasha mtambo wa mashua yake, kwa sababu kila mmoja alijua jinsi jirani yake angemsema. Jua lilipopanda walirudi makwao, wakawakuta wake zao hawajajiandaa hata kidogo kuwa na mume ndani ya nyumba saa zile. Mchana migahawa ya ng'ambo ya daraja ikapika supu bila kome, na wateja wakadhani kuna msiba.

Aliyeandika programu ya ubao ule ni Sugitani Kimie.

Kimie alikuwa na miaka hamsini na saba, mwanamke mfupi, mjane, mwenye sauti ya chini na hasira ya polepole. Kazi ya kompyuta aliingia kwa bahati. Alipomaliza shule aliomba ukarani katika ofisi moja karibu na stesheni, akaambiwa nafasi ya ukarani imeshajazwa, ila kuna mashine imeletwa na hakuna anayetaka kukaa nayo. Akakaa nayo. Tangu wakati huo alikuwa ameandika programu za zahanati, za shule za chekechea, na za nyumba moja ya kuchomea maiti, ambako alipenda kusema wateja hawajawahi kumpigia simu kulalamika. Hakuwahi kuisomea kazi hiyo. Aliijua kama watu wanavyojua kupika kwa mama mkwe: kwa kutazama, kwa kuonja na kwa kusemwa.

Ule ubao wa kome ulikuwa na historia yake. Chama kilikuwa kinabadilisha kanuni kila mara, na kila kanuni ikibadilika katibu wa chama, Nonomura Takuo, alimpigia Kimie simu. Nonomura alikuwa pande la mtu, mwenye sauti iliyozoea kuita kutoka mashua moja hadi nyingine, na hata kwenye simu hakuipunguza. Ili apate utulivu, Kimie alimtengenezea mahali pa kuandika kanuni mwenyewe kwa maneno mepesi: ikiwa hivi, fanya vile. Nonomura akafurahi. Baada ya muda akataka kanuni ziwe na majina. Kimie akampa majina. Akataka kanuni moja iweze kuiita nyingine. Akampa hilo pia. Hakuwa na lengo lolote kubwa. Alichoka kupigiwa simu tu. Nonomura naye akazipenda kanuni zake kama wanaume wengine wanavyopenda miti yao midogo ya kwenye vyungu, na kila jioni aliipogoa hii na kuinyoosha ile.

Chanzo cha balaa kilikuwa wema. Nonomura alikuwa ameandika kanuni mpya ya mwenyekiti mgonjwa, na ndani yake aliandika kwamba *siku* ni sifuri, maana mgonjwa hana siku za kuvuna. Neno hilohilo *siku* lilitumiwa na kanuni kuu, ile inayosema kwamba aliyevuna zaidi ya siku zake apumzike. Katika programu ya Kimie maneno yote yalitiwa kwenye bakuli moja. Sifuri ya mwenyekiti ikamwagikia chama kizima. Kila aliyekuwa ameingia ziwani wiki hiyo akaonekana amezidisha, na mwenyekiti, ambaye hakuvuna hata kome mmoja, akaonekana ndiye peke yake mwenye adabu.

Kimie aliligundua hilo kabla ya chakula cha mchana, akamwambia Nonomura asirudie kutumia neno *siku*. Nonomura akauliza, je, *sanduku* anaweza kulitumia? Na *mtu*? Na jina la mama yake? Akamwomba amwambie ni maneno gani yanaruhusiwa na yapi hayaruhusiwi, na kwa nini. Kimie alikuwa ameandika programu zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakujua neno linakaa wapi.

Swali lile halikumwacha. Aliosha mchele nalo, akapanda baiskeli nalo. Mwishowe bosi wake, aliyechoka kumwona akitazama dirisha, akamwambia aende kwa Mwalimu Kadowaki.

Kadowaki Eisuke alikuwa amefundisha misingi ya lugha za kompyuta chuoni mpaka alipostaafu, na tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali. Aliishi peke yake katika nyumba ambayo mtu aliipita kiubavu kwa sababu ya vitabu. Alipomwona Kimie mlangoni alifurahi mno, akaondoa rundo la vitabu juu ya mto wa kukalia ili mgeni akae, kisha akakosa pa kuliweka, akalibeba mikononi mazungumzo yote.

Kimie akaeleza habari ya ubao, ya mwenyekiti na ya sifuri. Mwalimu alisikiliza huku macho yanamng'aa.

"Pole sana, mama," akasema kwa furaha kubwa. "Umezaa lugha."

Kimie akasema hakuzaa lugha. Alitengeneza mahali pa kuandikia kanuni za kome.

"Wote husema hivyo. Mtu anajifungua ndipo anajua alikuwa na mimba. Ina majina?"

"Inayo."

"Kanuni moja inaweza kuiita nyingine?"

"Inaweza."

"Basi ni lugha, na ni mgonjwa. Usione aibu, ugonjwa huu waliuugua watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Majina yako hayana kwao, ndiyo shida. Yanazurura."

Kimie akaomba ampe kitabu kimoja kitakachomtoa shimoni. Hapo ndipo alipojifunza kwamba huwezi kumwomba mwalimu aliyestaafu kitabu kimoja. Kadowaki alitembea kiubavu nyumba nzima, akachomoa, akarudisha, akajigombeza, akachomoa tena. Kulikuwa na kimoja kinene cha buluu, kilichoeleza lugha zote zilizopata kutumika duniani, moja baada ya nyingine. Hicho, alisema, ni kama kula katika kila mgahawa wa mji. Utanenepa lakini hutajua kupika. Kisianze. Kulikuwa na cha manjano, ambacho kinakufanya uunde mkalimani kwa mikono yako mwenyewe, yaani programu inayosoma lugha yako mstari kwa mstari na kuitekeleza. Hicho ni kizuri sana, kwa hiyo kingoje. Kulikuwa na kimoja juu ya aina za vitu, kwamba nini kinaweza kuchanganywa na nini, nacho kilikuwa cha watu wenye moyo. Cha kuanza nacho kilikuwa hiki hapa: chembamba, cha kijivu, bila picha hata moja, kimejaa herufi za Kigiriki.

"Hakina kompyuta ndani yake," Kimie akasema baada ya kukipekua.

"Ndiyo maana," Kadowaki akasema.

Tena hakukubali akisome peke yake. Watu wanaosoma vitabu hivi peke yao, alisema, hufika ukurasa wa ishirini wakiwa wameelewa kila kitu, na ukiwauliza hawajui chochote. Kitasomwa kwa zamu, kama alivyokuwa akifanya na wanafunzi wake. Mmoja anasoma na kueleza, wengine wanamhoji mpaka akome kueleza au akome kujua. Kusema "nimeelewa" ni marufuku. Kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mahali pa watu wawili kukaa, ikaamuliwa wakutane kwa Kimie, Jumamosi asubuhi.

Nonomura alipopata habari alisema naye atakuja. Gatini watu walikuwa bado wanamwita Sifuri, na alitaka kitabu, kitabu cha kweli chenye jalada gumu, kiamue kama kosa lilikuwa lake au la mashine.

Nyumba ya Kimie ilikuwa na mtu mwingine mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na nyumba. Sugitani Tsuruyo, mama wa marehemu mume wake, alikuwa na miaka themanini na sita, sikio moja zima, na msimamo. Chai ilinywewa saa nne na saa tisa, ile chai nzito ya kijani ya kukorogwa, pamoja na kitamutamu kimoja cha maharagwe kwa kila mtu aliyekuwa ndani wakati huo, hata kama ni msoma mita ya umeme. Yeye na mkwewe walikuwa wamebaki wawili tangu mwanawe Haruo afariki, miaka minane sasa, nao waliishi vizuri kwa sababu waligombana kidogo kila siku na hawakulimbikiza. Aliposikia kwamba wanaume wawili watakuwa wanakuja kila Jumamosi kusoma, Tsuruyo alihamisha kazi yake ya kushona nyuma ya mlango wa karatasi, akakaa huku sikio zima limeelekea chumbani.

Jumamosi ya kwanza walisoma ukurasa mmoja. Kimie alikuwa amefikiri uzoefu wake utamsaidia, ikawa ndio unamwangusha. Kila mara alitaka kujua mashine itafanya nini, na kila mara Mwalimu alimwambia hakuna mashine. Katika kitabu kile cha kijivu hapakuwa na hata namba. Namba mbili, kilisema, si kitu. Ni kufanya jambo mara mbili.

Nonomura, aliyekuwa akisinzia huku macho wazi, akainuka. Akauliza kwa kejeli ikiwa basi masanduku mawili si masanduku, ila ni kuchota mara mbili.

"Hasa," Mwalimu akasema, akamtazama kwa heshima. "Umeshaelewa kabla ya dada Kimie."

Nonomura alikasirika, kwa sababu alikuwa anatania. Lakini Jumamosi iliyofuata alifika mapema.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, mvua za masika zikaisha, joto likaja. Kulikuwa na Jumamosi ambazo Kimie alitamani kukitupa kitabu kile mferejini. Alirudi kazini Jumatatu na kichwa kizito, akatazama programu zake za zamani, akaona ni kama nguo alizozishona gizani; zinavaliwa, hazijachanika, lakini ukiuliza kwa nini mkono huu umekaa hapa huna la kusema. Jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyowaonyesha wenzake. Kisha asubuhi moja simu ya nyumbani ililia, sauti ikauliza kama Sugitani yupo. Akajibu bila kufikiri kwamba ni yeye. Akabaki ameshika simu. Zamani, nyumba hiihii, simu hiihii, Sugitani alikuwa Haruo. Kazini ni yeye. Kwenye kikundi cha kushona ni mama mkwe. Jina ni moja, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, kwa sababu kila mtu anajua yuko nyumba gani. Aliyepiga alikuwa anauza madirisha, naye alishangaa mama huyu anavyomshukuru.

Sura iliyofuata ilikuwa ya vigeugeu. Ndivyo yanavyoitwa majina yale, kwa kuwa thamani yake hubadilika. Kila kigeugeu, kitabu kilisema, ama kiko huru, ama kimefungwa na kitu kilichokizunguka. Mwalimu Kadowaki alikuwa na tabia ya kuzitaja herufi kama watu anaokaa nao mtaa mmoja, na sauti ilimpanda kila alipofurahi. Tsuruyo nyuma ya mlango akamsikia vizuri kabisa akimwambia mkwewe:

"Usimtazame sura, Kimie. Vigeugeu wote wana sura moja. Wewe uliza hivi tu: huyu yuko huru, au amefungwa? Na kama amefungwa, amefungwa na nani? Ukishajua hilo, humwogopi tena."

Tsuruyo akaweka sindano chini. Hakuwa mtu wa kupinga jambo. Miaka minane ni mingi, na Kimie hakuwa mzee. Lakini mwanamume anayezungumza namna hiyo mbele ya mjane inafaa aulizwe mwenyewe yuko upande gani. Siku hiyo walipomaliza, Kimie akiwa jikoni na Nonomura nje akiwasha lori lake, bibi alimkuta Kadowaki peke yake kizingitini akifunga viatu.

"Mwalimu, nikuulize neno."

"Uliza, mama."

"Nawasikia mnavyosema. Sasa chukua mtu kama Kadowaki. Yeye yuko huru au amefungwa?"

Maskini Kadowaki. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize habari zake, na haikumpitia kabisa akilini kwamba anaulizwa zake. Alichoona ni bibi wa miaka themanini na sita aliyefuata somo kupitia mlango wa karatasi, tena akatunga mfano wake mwenyewe. Uso ulimchanua.

"Inategemea umesimama wapi, mama."

"Inategemea."

"Ndiyo. Ukimtazama kutoka ndani ya nyumba, amefungwa. Ukitoka nje ukatazama, huyohuyo yuko huru. Wala hakuna kosa hapo. Ndiyo raha yake."

"Raha," Tsuruyo akasema.

"Tena zaidi ya hapo. Kadowaki anaweza kuwa amefungwa na mmoja huku, na akafungwa na mwingine kule, kwa jina hilohilo, na hao wawili wasijuane maisha yao yote. Mambo yakipangwa vizuri, lakini. Yakipangwa vibaya ndiyo hayo ya mwenyekiti na goti lake."

Akainama kwa heshima, akaondoka. Ndani ya lori alimwambia Nonomura kwamba yule mama ana akili ya ajabu, na kama angekuwa kijana angemchukua awe mwanafunzi wake.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, Tsuruyo alileta chai. Mbele ya Kimie aliweka kitamutamu chenye umbo la ua. Mbele ya Nonomura aliweka kitamutamu chenye umbo la ua. Mbele ya Mwalimu aliweka kisahani. Kadowaki alikitazama kisahani kile kitupu, akatazama dari, akanywa chai yake bila kitu. Nonomura, mtu wa huruma, alitaka kumgawia nusu, lakini bibi alimtazama, naye akakitia chote kinywani kwa mpigo.

Kimie akamfuata mama mkwe jikoni, akamuuliza amepatwa na nini. Tsuruyo akamwambia hakulea mwana mwema akamzika ili mkwewe aje aolewe na mtu mwenye wanawake pande zote mbili za ziwa. Akayarudia maneno yote aliyoambiwa kizingitini, neno kwa neno, maana lilichokishika sikio lile hakikuwahi kupotea. Kimie alisikiliza mpaka kwenye "ndiyo raha yake." Akashika ukingo wa sinki. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kila alipojaribu kueleza kwamba ni habari ya herufi, kicheko kilimrudia upya. Tsuruyo alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Haruo alipokuwa hai. Hakujua akasirike au ashukuru, basi akampa maji.

Kwa bahati mbaya Nonomura alikuwa amekuja kuomba maji ya moto, akasimama mlangoni na birika. Alisikia yote. Na Nonomura hakuwa na sauti ya kunong'ona. Jumatatu gati lote lilijua, Jumanne kinyozi alijua, na kinyozi ndiye aliyemuuliza Mwalimu Kadowaki, huku ameshika wembe, ikiwa ni kweli kwamba ana mke wa ndani na mke wa nje.

Jumamosi Kadowaki hakutokea. Wala iliyofuata. Kimie akavaa koti la mvua, akapanda baiskeli akaenda kwake. Mlango haukufunguliwa, ila alisikia vitabu vikisukumwa, na sauti ikamjibu kutoka upande wa pili wa mlango. Mwalimu akasema maneno ya kinyozi hayakumuuma sana. Wanafunzi walishamwita mabaya zaidi.

"Ila nilidhani mama anauliza somo," akasema. "Nilifurahi wiki nzima. Kumbe mtu ameniuliza habari zangu, na mimi nikamjibu kama kitabu."

Kimie, akiwa amesimama mvuani, akamwambia kwanza kwamba mama aliuliza bila kumwuliza yeye Kimie, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuona aibu si Mwalimu peke yake. Pili, kwamba yeye hatafuti mume, wala wa ndani wala wa nje. Ana kazi ya maisha yake yote ya kuisoma upya, na akimaliza ataona. Alisema hayo kwa upole lakini kwa wazi, kwa sababu aliona ni bora kila mtu ajue.

"Zoezi la saba umeliweza?" sauti ikauliza.

"Sijaliweza. Nimejaribu mpaka nikamkaripia paka wa jirani."

Mlango ukafunguliwa.

Jumamosi iliyofuata Kadowaki alikuja amevaa tai, amebeba boksi la vitamutamu kutoka duka la zamani karibu na ngome, akapiga magoti juu ya mkeka mbele ya Tsuruyo na kuinamisha kichwa mpaka chini. Bibi akamwacha hapo kidogo.

"Tuanze upya," akasema. "Una mke?"

"Sina, mama."

"Alikufa au alikukimbia?"

"Sikuwahi kumuuliza mtu kama angenikubali."

"Kwa nini?"

Kadowaki alifikiri kwa uaminifu. "Nilikuwa nasoma."

Tsuruyo akamtazama yeye, akamtazama Kimie, akavitazama vile vitabu juu ya meza, akasema anaona. Akampa vitamutamu viwili. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena nyuma ya mlango. Alikaa chumbani pamoja nao kwa sharti kwamba waongee kwa sauti, na mara nyingi ifikapo saa tano yeye na Nonomura walikuwa wamesinzia bega kwa bega kama ndugu.

Kitabu cha kijivu kilikwisha wakati majani ya miti yanageuka rangi. Cha manjano kilikwenda haraka zaidi, kwa sababu hapo mikono ya Kimie ilipata kazi iliyoizoea, na safari hii alijua kwa nini kila mkono wa nguo umekaa ulipokaa. Aliunda mkalimani mpya wa kanuni za kome. Kila jina likapata kwao: *siku* ya mwenyekiti ikazaliwa ndani ya kanuni ya mwenyekiti na kufia humohumo. Tena, kwa kuwa Kadowaki alikuwa ameshamwonjesha kitabu cha aina, aliongeza mlinzi anayesoma kanuni kabla haijaanza kazi, na kuikataa ikichanganya visivyochanganyika.

Siku waliyoiwasha programu mpya, mlinzi alizikataa karibu kanuni zote za Nonomura. Nonomura alipiga simu akisema mashine imemtukana. Ilikuwa imemwandikia kwamba kanuni moja inajumlisha masanduku na watu. Alisema kanuni hiyo imefanya kazi miaka na miaka, haijamdhuru mtu, na ameitunza kwa mikono yake. Kimie akaenda ofisini kwao, wakakaa wakaichambua pamoja. Wakagundua kwamba mzee Itohara, kila alipotoka na mwanawe mashuani, mashine ilimhesabu mwana kama sanduku la ziada, akaonekana amezidisha, kwa hiyo kesho yake ubao ulimwambia mzee apumzike.

Wakairekebisha. Baada ya wiki moja mzee Itohara akaja ofisini, kofia mkononi, amekasirika. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba chama kinajua mgongo wake unamuuma, ndiyo maana kinampumzisha. Alikuwa akiwasifia kwa watoto wake. Sasa amefanyishwa kazi siku zote bila kuangaliwa, akataka kujua amewakosea nini.

Nonomura akamtazama Kimie, Kimie akamtazama Nonomura. Nonomura akavuta kibodi, akatunga kanuni mpya yenye jina la mgongo wa Itohara, safi, yenye vigeugeu vyake vyote ndani ya nyumba yake. Mlinzi akaipitisha mara moja. Kwa Nonomura hiyo ilikuwa shahada, na alimwomba Kimie amchapishie, akaitundika ukutani.

Majira ya baridi mwanamke mmoja alimpigia Kimie simu kutoka mnada wa kaa, upande wa baharini. Alijieleza kwa aibu: ameandika programu ya mnada, imekuwa ikikua yenyewe, na sasa kaa wa jana wanauzwa tena leo. Amesikia kuna vitabu. Akamwomba Kimie amwambie kimoja tu, kilicho bora.

Kimie akamwambia aanze na chembamba cha kijivu. Mwanamke akauliza kama ni kizuri. Kimie akasema ni kibaya sana, hakina picha, hakina kompyuta, na atakichukia mpaka sura ya tano. Kisha atafute cha manjano. Kinene cha buluu akiweke mahali wageni watakiona.

"Na usisome peke yako," akaongeza. "Tafuta wawili wa kukuhoji. Mmoja awe anajua sana, na mwingine awe hajui kabisa lakini amekasirika. Una mama mkwe?"

Mwanamke akasema anaye.

"Basi mkae chumba kimoja naye tangu siku ya kwanza," Kimie akasema. "Msimwache nyuma ya mlango."